Tusizike Sababu Pamoja na Marehemu

Rika langu linaondoka kwa namna ambayo baba zetu hawakuijua. Sisi tuliozaliwa miaka ya 1950, tulioingia shule ya msingi wakati Uhuru ungali mchanga, sasa tunazikana. Kufa si jambo geni, wala sililalamikii. Kinachoniuma ni jinsi tunavyokufa na jinsi tunavyovisimulia vifo vyetu. Mtu amekula chakula cha usiku, ameagana na wajukuu, alfajiri anakutwa wa baridi. Mwingine kaanguka shambani jembe likiwa mkononi. Mwingine kabakiza miezi michache astaafu, kazi yote ya kiinua mgongo imekwisha kupangwa, anaanguka kituoni akisubiri daladala. Makaburini unasomwa wasifu wa marehemu: kuzaliwa, shule, ajira, ndoa, idadi ya watoto na wajukuu. Msomaji akifika kwenye sababu ya kifo huharakisha: aliugua ghafla, Mungu akampenda zaidi. Kisha udongo, kisha tunarudi matangani.

Nilikuwa muuguzi mpaka nilipostaafu, na nimewafumba macho wengi wa rika langu. Kwa heshima niliyonayo kwao nasema jambo ambalo misibani hatulisemi. Wengi wao walikufa kwa dakika chache, lakini ugonjwa uliowaua uliishi nao miaka thelathini na zaidi. Ulikula nao, ukafanya nao kazi, ukacheza nao harusi za watoto wao. Ni ugonjwa wa mishipa inayolisha moyo.

Nieleze unavyofanya kazi, maana bila kuelewa hapo, mengine yote hayatasikika. Moyo unapata damu yake kupitia ateri mbili zinazochomoza pale aota inapoanzia, zenye upana wa milimita chache tu. Ukuta wa ndani wa ateri ni laini mno. Presha ya juu ikiupiga usiku na mchana, moshi wa sigara ukiukera, sukari ikizidi kwenye damu, ukuta huo hujeruhiwa. Lehemu iliyomo kwenye damu hupenya na kujikusanya chini yake. Mwili huiona lehemu hiyo kuwa ni adui aliyeingia, ukatuma chembe nyeupe za damu kuimeza. Hapo huanza mchochota, yaani mwitikio ule ule unaofanya kidonda kiwe chekundu, kipate joto na kuvimba. Kidonda cha mguuni hupona. Cha ukutani mwa ateri hakipati nafasi ya kupona, kwa sababu kinachokikera hakikomi.

Baada ya miaka mingi kinajengeka kitu mfano wa jipu: ndani mna mafuta na chembe zilizokufa, juu kuna ngozi. Mara nyingi jipu hilo halijaziba hata nusu ya njia ya damu, ndiyo maana mwenye nalo hupanda mlima, akalima, akalala vizuri, bila dalili yoyote. Mchochota ukiendelea, ngozi ya juu hukonda. Siku ikipasuka, damu huganda papo hapo na kuiziba ateri. Sehemu ya moyo hukosa damu, umeme wa moyo unavurugika, vyumba vya chini vinatetemeka badala ya kusukuma, na mtu anapoteza fahamu ndani ya sekunde chache. Majirani wakifika wanasema hakuwa anaumwa huyu.

Elimu hii imejengwa pole pole. Rudolf Virchow, tabibu wa Ujerumani, aliziona dalili za mchochota kwenye kuta za ateri tangu karne ya 19. Kwa muda mrefu baada yake madaktari wengi waliuona ugonjwa huu kuwa ni mafuta kujazana tu mshipani. Mwaka 1999 Russell Ross, mtafiti wa Marekani, aliandika waziwazi katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba huu ni ugonjwa wa mchochota. Mwaka 2017 utafiti uitwao CANTOS, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 10,000 waliokwisha kupata shambulio la moyo, ulionyesha kwamba dawa inayotuliza mchochota bila kuigusa lehemu ilipunguza mashambulio mapya, viharusi na vifo vya moyo kwa takriban asilimia 15. Basi lehemu na mchochota hufanya kazi ya uharibifu kwa pamoja, na kila kimoja ni cha kushughulikiwa.

Na mambo haya huanza mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walitoa taarifa ya upasuaji wa maiti za wanajeshi 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Zaidi ya saba katika kila kumi walikuwa tayari na dalili za ugonjwa katika ateri za moyo. Wale walikuwa vijana wa paredi, wabeba mizigo na bunduki. Nikimwona mwenzangu wa miaka sitini na tano akishushwa kaburini, najua kilichomwangusha kilianza kujengwa akiwa kijana, huenda siku zile tulipokuwa tunapokea mishahara yetu ya kwanza.

Wapo wanaosema ugonjwa huu ni wetu tangu zamani ila hatukuwa na vipimo. Hapana. Vipimo vilikuja mapema, na vilikuta hali nyingine. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aitwaye Donnison, aliyefanya kazi Kisii nchini Kenya, alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kupima presha za karibu watu 1,000 wa huko. Presha zao hazikupanda kwa umri kama za Wazungu. Kwa wenye zaidi ya miaka 40 zilielekea kushuka. Miaka ya 1950, madaktari wa Hospitali ya Mulago mjini Kampala walipopasua maiti waliona kwamba ugonjwa wa ateri za moyo kwa Waafrika ulikuwa nadra kupita kiasi, ilhali Waasia wa mji huo huo walikuwa wakifa nao. Hugh Trowell, aliyefundisha udaktari huko kwa miaka mingi, aliona jambo la kuandikia makala mwaka 1956 alipompata mgonjwa mmoja tu Mwafrika mwenye ugonjwa huo.

Tafakarini hapo. Mwafrika mmoja alistahili makala nzima. Leo katika ukoo wangu tu, nikiwahesabu wenye ugonjwa huo, vidole vya mkono mmoja havitoshi. Damu yetu haijabadilika katika miaka sabini. Kilichobadilika ni maisha, na rika lililoyabeba mabadiliko hayo mwilini mwake ni rika langu.

Sisi ndio tuliotoka vijijini. Watafiti waliwafuata vijana wa Kijaluo waliohama kutoka vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kwamba presha zao zilianza kupanda katika miezi ya mwanzo kabisa ya maisha ya mjini. Chumvi waliyokula iliongezeka, madini ya potasiamu yatokayo kwenye mboga na matunda yakapungua, uzito ukapanda. Baadaye utafiti mwingine uliwafuata watu waliohama kutoka vijijini Morogoro kwenda Dar es Salaam. Ndani ya mwaka mmoja walikuwa wameongezeka uzito na kupunguza kazi za mwili. Nikisoma matokeo hayo naona sura za watu ninaowajua.

Baba zetu walitembea kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kufika. Walikula ugali wa dona, mihogo, maharage, mchicha, samaki siku alipopatikana, na nyama siku ya sikukuu. Sisi tulipata kiti. Kupata kazi ya kiti ilikuwa ndoto ya kila mzazi aliyetupeleka shule, na tuliifikia kwa jasho lao. Ikaja miaka ya mwanzo ya 1980, dhiki tupu: foleni za sukari, foleni za sabuni, mafuta ya kula kwa kibali. Soko lilipofunguliwa katikati ya muongo ule, tuliona tumetoka kifungoni. Ikawa soda kwa mgeni, sukari vijiko vinne kwenye kikombe, maandazi asubuhi, chipsi mayai mchana, nyama choma na bia jioni ya mshahara, sigara baada ya kila kitu. Chumvi ilikaa mezani na mtu aliinyunyiza kabla hajaonja. Aliyeota kitambi alipongezwa kuwa mambo yamemnyookea, na aliyekonda aliulizwa kama kuna tatizo nyumbani. Kumbe mafuta yanayojilundika tumboni hutoa kemikali zinazochochea mchochota mwili mzima. Tulikuwa tunapongezana kwa dalili ya ugonjwa.

Sina nia ya kulishitaki rika langu. Watu waliokwisha kuonja njaa hawawezi kulaumiwa kwa kufurahia shibe. Na ninajua jinsi rika hili lilivyokuwa sikivu kwa mambo ya afya lilipoambiwa. Mwaka 1973 serikali ya Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu takriban milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakanyanyuka na kufanya. Tulichimba vyoo, tulifyeka vichaka na kufukia madimbwi, tulijifunza namna ya kujikinga na malaria, kichocho, minyoo na kuhara. Tulifundishwa kuwaogopa maadui waliokuwa wakituua wakati ule, tukawapiga, na wengi wetu tulizeeka kwa sababu hiyo. Kuhusu moyo hatukuambiwa neno, kwa kuwa siku hizo wodi zilijaa surua na malaria, na mwenye presha alikuwa mmoja mmoja.

Mimi mwenyewe nimeziona wodi zikibadilika. Kitanda alicholala mtoto mwenye surua akalala mzee mwenye kiharusi. Kati ya mwaka 1992 na 1995 uchunguzi wa vifo vya watu wazima uliofanyika Dar es Salaam, Hai na Morogoro ulionyesha kwamba kiharusi, ndugu wa shambulio la moyo, kilikuwa kikiwaua watu wetu kwa kiwango kikubwa kuliko Uingereza na Wales. Presha isiyotibiwa ndiyo iliyotajwa mbele. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ukakuta kwamba takriban Mtanzania mmoja katika kila wanne wa umri wa miaka 25 hadi 64 ana presha ya juu. Huyo mmoja, mara nyingi, hana habari.

Lipo kundi katika rika letu, na katika la wadogo zetu, ambalo nalitaja kwa mapenzi maalumu. Ni wale waliookoka UKIMWI. Tuliwazika wengi katika miaka ya 1990, mpaka mafundi wa majeneza walikosa usingizi. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure kuanzia 2004, waliobaki waliinuka vitandani. Leo wana wajukuu. Lakini virusi hata vikifubazwa huacha mchochota wa chini chini mwilini, na mchochota huo huharakisha ugonjwa wa ateri za moyo. Mwaka 2023 matokeo ya utafiti uitwao REPRIEVE, uliofanyika katika nchi kadhaa Uganda ikiwamo, yalionyesha kwamba dawa ya kupunguza lehemu iliyotolewa kwa watu wanaoishi na virusi ilipunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 35. Mtu aliyevuka mto ule hapaswi kufia ukingoni kwa kukosa kupimwa presha na lehemu. Kama unahudhuria kliniki ya dawa za kufubaza virusi, uliza kuhusu moyo wako.

Sasa nirudi kwenye masimulizi yetu, kwa sababu hapo ndipo tunapojiua mara ya pili. Mtu anabanwa na kifua, anatokwa jasho jembamba, maumivu yanapanda kwenye taya na kushuka mkono wa kushoto. Anaambiwa ni gesi, au vidonda vya tumbo. Anakunywa maziwa na kujilaza. Mama anachoka bila sababu, anahema, anasikia kichefuchefu bila maumivu makali ya kifua, anaambiwa ni umri. Mwenye kisukari huenda asisikie maumivu kabisa. Wakishakufa, tunatafuta mkono wa mtu. Nani aligombana naye? Shamba lile la urithi lilikuwa na maneno. Nimeshuhudia ndugu wa tumbo moja wakiacha kusalimiana kwa miaka baada ya ramli. Nimeona mjane akitazamwa kama muuaji matanga hayajaanuliwa, wakati kadi ya kliniki ya marehemu, yenye presha ya kutisha, ipo kabatini na hakuna aliyeifungua.

Na wale wasiokwenda kwa waganga hujificha nyuma ya kudra. Mimi ni mtu wa imani. Najua kuwa siku yangu imeandikwa. Lakini kuamini kudra hakutukatazi kutaja sababu. Tukimzika aliyegongwa na gari tunasema kagongwa na gari, na hakuna anayeona kuwa tumemkosea Mungu. Kisha tunawaonya watoto wasicheze barabarani. Kwa nini aliyekufa kwa ateri za moyo asisemwe hivyo hivyo, na watoto wake wakaonywa hivyo hivyo?

Wana haki ya kuonywa kuliko mtu yeyote. Kama baba au kaka alipatwa na ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya miaka 65, hatari kwa waliobaki huongezeka. Daktari yeyote makini atamuuliza kijana: kwenu kuna aliyekufa kwa moyo? Kijana anajibu hajui, babu alifariki ghafla. Tumemwachia kiwanja, tumemwachia nyumba na jina la ukoo, tukamnyima taarifa ambayo ingemfanya apimwe akiwa na miaka thelathini badala ya kugunduliwa akiwa chini sakafuni.

Ndiyo maana nawaomba wazee wenzangu tuvunje desturi hii. Sababu ya kifo iandikwe katika wasifu, isomwe mbele ya watu kama inavyosomwa idadi ya wajukuu. Pale familia inapokuwa na sababu ya kustahi, basi isemwe ndani, watoto wote wakiwa wamekaa. Tukiwa hai tuwaonyeshe kadi zetu. Mimi nina presha, na wanangu wanajua namba zangu na majina ya dawa ninazomeza. Wanajua kaka yangu alikufa kwa moyo. Mwanzoni mama yao aliona nawatia hofu. Leo wote watatu hupima presha, na mmoja ameshaanza dawa.

Nanyi wanangu, mlioko kwenye bodaboda, ofisini na kwenye simu usiku kucha, njia ya kinga haina siri. Presha ikifika 140 kwa 90 au kuzidi katika vipimo vya kurudiarudia, ni ugonjwa, hata kama unajisikia mzima. Dawa ya presha humezwa kila siku. Aliyeiacha kwa kuwa amepata nafuu hajapona. Chumvi isizidi gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa kwenye mkate na vitafunwa. Sigara acheni. Tembeeni. Pimeni sukari na lehemu. Kifua kikikubana kwa namna usiyoijua, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri kupambazuke. Rika langu halikuwa na mahali pa kukimbilia. Ninyi mnayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili tangu 2015, ateri zinazibuliwa na mioyo inapasuliwa hapa hapa nchini.

Tena jifunzeni kukandamiza kifua. Mlimwona mchezaji soka Christian Eriksen wa Denmark alivyoanguka uwanjani Copenhagen mwezi Juni 2021, na mlimwona akirudi kucheza. Aliokolewa na watu waliomfikia mara moja, wakamkandamiza kifua na kuushtua moyo wake kwa mashine. Kila dakika inayopita bila msaada, nafasi ya kuokoka hupungua kwa takriban asilimia saba hadi kumi. Mtu akianguka, hajibu na hapumui vizuri, itisheni msaada, kisha weka mikono miwili katikati ya kifua na ukandamize kwa nguvu, kina cha sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma mpaka msaada ufike. Milango ya nyumba zetu imejaa watu wanaolia wakati wa kukandamiza unapita.

Kabla ya hayo yote, waulizeni wazee wenu wangali hai. Maswali yenyewe ni mawili: baba yako na mama yako walikufa kwa ugonjwa gani, na wewe unatumia dawa gani? Yaandikeni majibu, muwape na ndugu zenu. Mzee atakayekasirika, msimlazimishe. Mrudieni kesho, na keshokutwa, kwa adabu ile ile, mpaka aseme.